Kosa Uliloungama Halikuwa Lako

Gatitu, Nyeri
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa kaka yangu mkubwa, Mwakio,

Wifi Mkawasi, naanza na wewe kwa sababu najua wewe ndiye utakayeifungua bahasha. Tafadhali usimwekee kaka karatasi hii magotini aisome mwenyewe. Msomee. Akitaka kuiona kwa macho yake, ishike juu, usawa wa uso wake, kama mtu anayemwonyesha mwenzake picha ya ukutani. Sababu utaikuta huko mbele. Na akikwambia hataki kusikia maneno ya Wakesho, soma vivyo hivyo. Ana haki ya kunikasirikia, ila naomba anikasirikie akiwa amesikia yote.

Sasa kaka, shikamoo. Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetuvusha mwaka. Kifua cha Mama kinaendeleaje na hiyo baridi ya milimani? Bado anakataa kulala na soksi? Mahindi ya shamba la chini yameshika, au nyani wamewatangulia tena? Mimi niko mzima wa mwili. Huku kumekuwa na ukungu juma zima, nguo hazikauki, na mlima wenyewe hatujauona tangu Jumatatu. Wanjiru wangu yuko salama huko chuoni, anakusalimu.

Nimepiga simu mara nne. Kila mara wifi anapokea vizuri, kisha nasikia sauti yako kwa nyuma ikisema, pole pole, neno moja moja, "Mwambie nimelala." Saa nne za asubuhi, kaka. Sikulaumu. Ndiyo maana nimechukua kalamu.

Mambo mengi nitakayoandika unayajua kuliko mimi. Lakini nayaandika yote tangu mwanzo, kwa sababu Mama na jamaa wote hapo nyumbani waliyasikia kutoka kinywani mwangu, na niliyasema vibaya. Nataka wifi ayasome kwa sauti wote wakiwapo.

Ulipokuja kuishi nami hapa Gatitu, baada ya mzee wa karakana ya Wundanyi ulikokuwa ukifanya kazi kufariki na watoto wake kuifunga, nilikuwa na furaha ya mjane aliyepata mwanamume wa kumsikia akikohoa ndani ya nyumba. Nilikutafutia nafasi kwenye banda la useremala pale chini ya barabara. Mwezi wa kwanza tu ulitutengenezea benchi ya ushirika wetu wa maombi, ile ndefu ya mti wa mugrivea, ukaipiga msasa mpaka akina mama wakasema inateleza kama sabuni. Ukanitengenezea mimi kigoda cha kukalia nikichambua mboga. Watu wakaniambia, "Mama Wanjiru, huyu ndugu yako wa Pwani ako na mikono." Kwao huku sisi Wataita tu watu wa Pwani, hata nieleze vipi kwamba kwetu pia kuna milima na baridi.

Halafu ukaanza kuanguka.

Si kujikwaa. Ulikuwa unaanguka kinyumenyume, mzima mzima, kama ubao ulioachiliwa, bila kunyoosha mikono kujizuia. Mara ya kwanza kwenye kizingiti cha mlango wangu. Mara ya pili bandani, ukapasua dirisha la mteja. Ulimi ukawa mzito. Ukila, chakula kinaishia kifuani, kwa kuwa hukitazami, umekaza macho mbele kama mtu anayehesabu matofali ya ukuta. Nilikucheka nikasema unakula kama mzungu anayeangalia mlima. Mungu anisamehe kicheko hicho pia.

Jirani yangu Mama Kairu, unamkumbuka, yule wa duka la makaa, alinishika mkono siku moja kwenye ua.

"Mama Wanjiru, mimi nimezika bwana na shemeji kwa sababu ya ile pombe. Najua kuanguka yake. Huyo kaka yako amekunywa."

"Kaka yangu hajawahi kuonja."

"Ati hajawahi. Wa kwangu pia hakuwa amewahi. Mnusie koti."

Nikakunusia koti. Kaka, nilisubiri uoge, nikashika koti la kaka yangu mkubwa nikalinusa kama mbwa wa polisi. Lilinuka. Nikatia mkono mfukoni nikakuta chupa ndogo, na ndani yake maji meupe yanayochoma pua. Ulipotoka nikakuonyesha. Ukaniambia, "Ni spiriti. Ya kuchanganyia vanishi." Ukasema mara moja tu, kwa huo ulimi mzito, na macho yako hayakushuka kuitazama chupa mkononi mwangu. Nami nikayasoma macho hayo vibaya. Nilisema moyoni, mtu mkweli angeitazama chupa.

Ningeweza kutembea hatua mia mbili mpaka bandani nikamuuliza fundi mkubwa kama mnatumia spiriti. Hatua mia mbili, na ni njia ninayopita kila siku nikienda kazini. Sikwenda. Unajua kwa nini? Kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mbele ya akina mama wa ushirika tulipokwenda kwa chifu kuomba nyumba za kuuza pombe zifungwe. Jina langu lilikuwa juu ya ile karatasi. Niliogopa fundi akicheka. Nililihofia jina langu, kaka, wala sikuihofia roho yako, ingawa ndivyo nilivyokuwa nikisema nikiomba.

Ndipo nikakuleta nuruni. Nyumbani mnajua ushirika wetu, maana hata Mama aliokokea humo: mwenye kosa halifichi, analisema mbele ya ndugu, wanamwimbia, linakwisha. Nimeona watu wengi wakipona kwa njia hiyo na sitaidharau. Lakini njia hiyo ni ya mtu kuleta kosa lake mwenyewe. Mimi nilikuletea la kwako likiwa limeshonwa tayari, nikakuvisha.

Siku nne nilikusukuma. Chai sikukupikia. Nilikuwa nikikuwekea maji ya moto na majani kando, bila neno, ujipikie, na unajua ulivyokuwa unamwaga. Alhamisi ukakubali. Ulisimama mbele ya benchi uliyoitengeneza kwa mikono yako, ndugu kumi na wawili wamekaa, ukasema, "Ndugu, nimekunywa. Mnisamehe." Maneno matatu, ukachukua muda kuyatoa kama mtu anayebeba mawe moja moja. Mzee Ndegwa, kiongozi wetu, akakwambia kwa upole, "Ndugu yangu, mtu akiungama anainamisha macho. Wewe unatutazama tu hivi, hiyo ni macho ya kiburi." Ukajaribu. Mimi nilikuona ukijaribu. Kichwa kilishuka kidogo, macho yakabaki juu. Nikakuvuta mkono wa shati nikakunong'oneza, "Inamisha macho, Mwakio, usinitie aibu." Kisha tukaimba, na mimi ndiye niliyeanzisha wimbo.

Tulipokuwa tunarudi ukaniambia, "Wakesho, nimesema ulichotaka niseme. Sasa unaweza kunipikia chai?"

Nilikupikia. Na nilipokuwa nachochea moto nilikasirika, nikajiambia huyu hajatubu kabisa, amefanya kwa ajili ya chai.

Jumapili ya tatu ukaanguka tena, safari hii kwenye ngazi ya kanisa, watu wote wakitoka. Wakakupita. Wengine walikuzunguka kwa heshima, kama wanavyozunguka tope. Mama Kairu akasema, "Wokovu ya juma tatu." Kesho yake nilikupandisha basi la Nairobi na karatasi yenye jina la basi la Voi. Sikukusindikiza hata mpaka Nairobi. Nilimwambia kondakta, "Huyu ni mlevi, mwangalie asishuke njiani." Ulikuwa umekaa pale, unasikia.

Na sikuishia hapo. Mama, hili nalisema mbele yako: siku wageni walipokuja kumposa Mshai, binti wa Mwakio, ni mimi niliyekupigia simu nikakwambia Mwakio asitoke mbele yao, mumwache jikoni, kwa sababu ataanguka aharibu. Baba wa msichana akakaa jikoni, baba mdogo akapokea wageni. Msimlaumu Mama, jamani. Ulikuwa ushauri wangu, na niliutoa kwa sauti ya mtu anayejua.

Sasa nisikilize kilichotokea huku.

Mnajua ninamtunza mzee mmoja hapa juu ya barabara, tunamwita Mwalimu Gichuki. Alikuwa mwalimu mkuu upande wa Kianyaga miaka mingi, mke wake alifariki, na binti yake Wangari ana duka la dawa za mifugo kule Kutus, anakuja wikendi. Mwalimu alianza kuwa mgumu wa viungo na kutembea hatua fupi. Walimwambia ni ugonjwa wa Parkinson, wakampa vidonge, akavimeza mwaka mzima bila nafuu yoyote. Anapenda utani. Miguu ikikataa ananiambia, "Mama Wanjiru, hii miguu imegoma kama wanafunzi. Na haijaandika hata barua ya malalamiko."

Kisha Mwalimu naye akaanza kuanguka kinyumenyume. Akaanza kumwaga uji kifuani. Nilimbadilisha shati mara tatu kwa siku na halikunijia lolote akilini, kaka, naomba uniamini katika hili ingawa sistahili kuaminiwa. Nilikuwa ninaona ugonjwa wa mwalimu mkuu mstaafu. Ulevi ulikuwa wa fundi aliyetoka mbali.

Akaanguka kwenye ngazi ile ile ya kanisa. Ile ile, ya pili kutoka juu. Watu walikimbia. Mmoja akaleta kiti, mwingine maji, Mama Kairu akavua kitenge chake akampepea huku analia, "Uui, Mwalimu wetu." Mzee Ndegwa akaomba palepale. Mimi nilikuwa nimemshika kichwa. Bado sikuelewa. Ila nilianza kuogopa.

Wangari alisema vidonge vimetosha, anataka daktari wa ubongo. Tukampata mjini Nyeri, mama bado kijana, mtu wa Meru, mpole sana. Hakuanza na mashine. Alikaa mbele ya Mwalimu, akainua kidole akasema, "Mzee, usigeuze kichwa. Nifuate na macho tu." Kidole kikaenda kushoto, macho yakafuata, pole pole. Kikaenda chini. Macho hayakwenda. Yalibaki pale pale mbele, yamekaza. Mwalimu akasema, "Naambia yashuke, yanakataa." Daktari akamwambia sasa atazame pua ya yeye daktari, kisha akamshika kichwa akakiinua taratibu nyuma, na macho yakabaki kwenye ile pua, kwa hiyo yakawa yameshuka. Akatueleza kwamba macho yenyewe ni mazima. Amri ya kuyashusha ndiyo haifiki.

Niliomba ruhusa nikatoka nje. Nilikuwa nasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, inamisha macho, Mwakio, usinitie aibu.

Siku ya pili alipigwa picha ya MRI. Kama hujawahi kuiona, ni bomba kubwa jeupe, mtu anaingizwa amelala, na hawakati wala hawachomi popote. Ni sumaku, kwa hiyo walimvua mshipi, saa, na meno ya bandia. Mwalimu akaniambia bila meno, "Nikifia humo ndani utawaambia nilikuwa nayo." Mashine inagonga kama mvua ya mawe juu ya mabati, nusu saa nzima. Alipotoka tukamuuliza kama aliogopa. "Nimefundisha darasa la kwanza watoto sabini," akasema. "Hiyo ni kelele ndogo."

Daktari alituonyesha picha kwenye kompyuta. Ilikuwa kichwa cha Mwalimu kimepasuliwa katikati kwa upande, kama kabichi, lakini kwenye kioo tu. Akaweka kalamu pale shina la ubongo linapoanzia, akasema, "Hapa juu, kwa mtu wa kawaida pamejaa. Hata mwenye Parkinson pamejaa." Akatufungulia kitabu chake tukaona pamejaa kweli, pamenona. "Kwa mzee hapa pamekonda. Mnaona nini?"

Wangari akasema haoni kitu. Mimi niliona. Niliona ndege. Mdomo mrefu mwembamba, kichwa kidogo, tumbo nene. Kaka, ni wale ndege wadogo wanaokuja kunyonya maua ya mgomba nyuma ya jiko la Mama, ambao ulikuwa unanishika mdomo nisiwafukuze kwa kelele. Nikasema, "Ni ndege." Daktari akashangaa, maana madaktari nao huiita alama ya ndege, akaniuliza nilisomea wapi. Nikamwambia shule ya msingi, Wundanyi.

Akatueleza. Yapo magonjwa kadhaa yanayofanana kwa nje kama mapacha: ugumu, hatua fupi, sauti kuzama. Hata madaktari huchanganya mwanzoni. Lakini kwa ndani hayakai mahali pamoja, na picha husaidia kuyatenga. Huu wa Mwalimu unaitwa PSP. Jina lake refu sitaweza kuliandika. Akasema picha peke yake haihukumu, yeye anaiweka pamoja na macho, na kuanguka, na vidonge vilivyoshindwa, ndipo anasema. Na akasema jambo ambalo sitakuficha: hauna dawa ya kuuondoa. Kuna kusaidiwa tu, ili mtu asianguke, asipaliwe, aelewe kinachomtendekea.

Wangari alilia. Mwalimu akauliza, "Na hii, inafanya mtu aonekane mlevi?"

"Sana, mzee. Wengi husemwa hivyo."

Mwalimu hajui habari zako. Aliuliza tu kwa sababu mtoto mmoja barabarani alimcheka. Lakini mimi nilijibu kana kwamba nimeulizwa mimi. Nikamwambia daktari yote. Kaka yangu, kinyumenyume, chakula kifuani, ulimi, macho. Nikamuuliza, naye ana ndege?

Akanitazama. "Mama, mtu ambaye sijamwona siwezi kumpa ugonjwa, wala siwezi kumwondolea. Mlete nimwone." Kisha akauliza, "Yuko wapi sasa?"

Nikasema, "Nilimrudisha kwetu."

Hakuniuliza kwa nini. Angeuliza ningepata nafuu kidogo.

Kaka, nataka jambo moja liwe wazi kabla sijaendelea. Labda una ndege huyo kichwani, labda una kitu kingine. Labda picha haitaonyesha chochote. Hata hivyo hukunywa. Baada ya kuiona ile picha, siku moja kabla ya ushirika, nilitembea zile hatua mia mbili mpaka bandani. Fundi mkubwa alinionyesha mtungi wa spiriti, na chupa ndogo zimepangwa, kila fundi na yake. "Mwakio alikuwa anabeba yake nyumbani," akasema, "kwa sababu hapa vijana wanaimwaga." Akaongeza, "Mbona ulimrudisha, mama? Huyo mtu hakuwa anakunywa hata soda." Dakika tano, nikawa nimejua. Ilinibidi nione kichwa cha mtu mwingine kimepasuliwa kwenye kioo ndipo nikatafute ukweli wa neno ulilonipa mwenyewe mlangoni pangu. Hiyo ndiyo aibu inayonila. Neno lako lilitosha. Halikuhitaji mashine.

Alhamisi nikasimama mbele ya ile benchi. Nikasema, "Ndugu, leo naleta langu. Kaka yangu Mwakio aliungama hapa kosa ambalo hakulifanya. Mimi ndiye niliyemlazimisha, kwa ajili ya jina langu." Nikaeleza kila kitu, koti, chupa, chai, kondakta.

Hakuna aliyeimba. Mama Kairu akauliza. "Mama Wanjiru, si wewe ulianzisha ile wimbo?"

"Ni mimi."

"Na sisi tukaimba na nguvu."

"Ndiyo."

"Sasa hiyo wimbo tutairudisha wapi?" Hakuwa ananicheka. Alikuwa anauliza kweli, na machozi yalikuwa yanamtoka. Akasema ni yeye aliyeniambia ninuse koti. Nikamwambia mkono ulioingia mfukoni ulikuwa wangu.

Mzee Ndegwa alikuwa amekaa mwisho wa benchi. Akapitisha kiganja juu ya ule ubao ulioupiga msasa, kisha akasimama. Ana miaka mingi na nyonga mbaya, unamjua. Akasema, "Mimi nilimwambia ako na macho ya kiburi. Siwezi kukalia kazi yake mpaka anisamehe." Akashuka akaketi sakafuni. Wakaanza kushuka mmoja mmoja. Mama Kairu akanung'unika, "Sasa tukae chini wote? Na haya magoti yangu?" lakini akashuka naye. Benchi imebaki tupu, kaka. Alhamisi mbili sasa tunafanya ushirika tukiwa sakafuni, na benchi iko ukutani inatutazama. Wamenituma nikuambie. Msamaha wako ndio wanaoungojea. Hawakuagizi utoe. Wamesema wanaweza kukaa chini.

Sasa mambo ya kufanya, wifi, shika kalamu. Asishuke ngazi wala mteremko peke yake, kwa kuwa haoni miguu yake. Viatu viwe vya kufunga, si malapa. Akinywa, awe ameketi wima, kidogo kidogo, na asiharakishwe kusema. Sahani msiiweke chini, iinueni mpaka aione bila kuinama. Hapa kwa Mwalimu tunaiweka juu ya kigoda juu ya meza. Ni kile kigoda chako, kaka, nilikipeleka kwake. Mwalimu alikiinua usawa wa uso, akakigeuza akatazama vile viungo visivyo na msumari, akasema aliyefanya hiki alikuwa ametulia akili. Nikamwambia ni kaka yangu. Ilikuwa mara ya kwanza mwaka huu kusema maneno hayo bila kuongeza kitu.

Nakuja mwenyewe. Nitafika Jumamosi ya wiki ijayo, na ukikubali tutarudi pamoja mpaka Nyeri kwa yule daktari, nami nitakaa kiti cha pembeni yako safari nzima. Nikimkuta kondakta yule nitamwambia pia. Ukikataa kuja, nitakaa hapo nyumbani siku tatu nikupikie chai, kisha nirudi kwa Mwalimu, na neno langu litabaki lile lile kwa kila mtu. Nimeshamwandikia Mshai na mume wake barua yao. Nimewaomba waje siku hiyo, wapokewe na baba wa msichana, sebuleni.

Nisalimie Mama, mwambie namletea soksi nyingine za sufu azikatae mbele yangu. Nisalimie baba mdogo aliyepokea wageni, na mke wake. Msalimie mchungaji, na yule mama jirani anayewasaidia kuchota maji. Wewe wifi, uliyemfulia mashati miaka miwili bila kuamini hata siku moja nilivyosema, sina la kukwambia kwa karatasi. Nitakuambia nikiwa nimekushika mikono.

Na wewe kaka, ombi la mwisho. Najua desturi yetu, mgeni hupokelewa chini barabarani, na najua utataka kuteremka hata kwa mtu uliyemkasirikia, ndivyo ulivyolelewa. Usiteremke. Kaa kwenye kiti chako mlangoni, nami nitapanda mwenyewe na mzigo wangu. Usihangaike kunitazama nikipiga magoti. Wewe tazama mbele, juu ya kichwa changu, huko migombani, kama macho yako yanavyotaka. Anayepaswa kuyainamisha ya kwake ni mimi.

Ni mimi mdogo wako,
Wakesho